UZI: Huyo jamaa kavaa nini? Namna ya kutambua pamba za wachezaji wengine kwenye gemu za mtandaoni

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila nikipita kwenye magrupu ya wacheza gemu nakuta picha ileile: mhusika kapigwa kwa nyuma, usiku, joho limefunika kila kitu, na chini yake swali, "Jamani huyu kavaa nini?" Halafu yanafuata majibu ya "hata mimi nataka kujua." Nimeona nishushe uzi mmoja ili siku nyingine mtu akiuliza tumtupie linki, maisha yaendelee.

Nitagusa zile ninazocheza: World of Warcraft (WoW), Final Fantasy XIV (FFXIV) na Guild Wars 2 (GW2). Wa gemu nyingine mtaongezea huko chini, uwanja ni wenu.

Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mchoke: acha rangi, angalia umbo. Rangi ndiyo inayokuvuta macho, na rangi hiyohiyo ndiyo inayokupoteza. Watengenezaji wanachonga deraya moja, wanaipaka rangi tatu nne, kila moja wanaipa jina lake na kuiweka sehemu tofauti. Kwa hiyo ukipata jina la kipande alichovaa jamaa, kazi bado haijaisha. Unatakiwa uujue ukoo mzima wa kipande hicho, maana alichovaa yeye huenda kilishaondolewa kwenye gemu, ila ndugu yake yupo mahali na hana gharama.

Mfano mzuri kuliko yote uko WoW. Naxxramas ya kwanza ilifunguliwa 2006, reidi ya watu 40 (yaani ngome ya mabosi inayovamiwa na kundi kubwa), na humo ndimo zilimotoka seti za Tier 3, daraja la tatu la deraya za reidi. Waliozikamilisha walikuwa wachache mno, maana reidi yenyewe ilikuwa ya kutoa jasho. Novemba 2008 ikaja nyongeza ya Wrath of the Lich King, Naxxramas ikahamishiwa bara jipya la Northrend ikawa ya watu 10 na watu 25, na Tier 3 ikatoweka. Watu walilia. Lakini angalieni kilichofanyika: maumbo yaleyale yakarudishwa kwa rangi nyingine yakaitwa Tier 7. Hata majina hawakujisumbua kuyabadilisha. Kila aina ya mhusika ilibaki na jina lake: warrior alikuwa na Dreadnaught, akapewa tena Dreadnaught, mage Frostfire, rogue Bonescythe, warlock Plagueheart. Kilichoongezwa ni neno la mbele tu: Heroes' kwa ile ya watu 10, Valorous kwa ile ya watu 25.

Sasa mtu anaona jamaa kasimama mji wa Stormwind na mabega ya Plagueheart, anayapenda, anaulizia, anaambiwa "hiyo ni Tier 3, ilipigwa mnada Black Market (mnada wa vitu adimu ndani ya gemu) kwa dhahabu ya kutisha, sahau." Anasahau kweli! Kumbe mhusika wake wa levo za sasa angeingia Naxxramas ya Northrend peke yake, akaifagia, akatoka na umbo lilelile kwa rangi nyingine. Na mara nyingi rangi ya pili ndiyo inayokubali kuchanganywa na vipande vingine.

Mchezo huo waliufanya pia kwenye arena (mapambano ya wachezaji kwa wachezaji) za nyongeza ya Burning Crusade. Seti za msimu wa kwanza wa arena ni Tier 4 iliyopakwa rangi upya, za msimu wa pili ni Tier 5, za msimu wa tatu ni Tier 6. Kwa hiyo ukiona umbo la Tier 6 ila rangi si ile unayoijua kutoka reidi ya Black Temple, usikimbilie kusema ni kitu kipya. Yawezekana unaangalia vazi la arena.

Gemu yenyewe inakwambia nini

WoW zamani haikuwa na fumbo. Kilichoonekana ndicho kilichovaliwa. Toleo 4.3 la Novemba 2011 ndilo lililoleta transmogi, yaani kuivika gia yako sura ya gia nyingine, na tangu hapo kuna vitu viwili tofauti: gia anayopigania mtu na sura anayoionyesha. Mwaka 2016, kuelekea nyongeza ya Legion, wakaleta kabati la akaunti nzima, sura ikawa inahifadhiwa humo bila wewe kubeba mizigo ya nguo za zamani benki. Ndiyo maana siku hizi kila mtu anatokelezea. Zamani ulikuwa unachagua: ubaki na koti lako la enzi au upate nafasi ya kuweka dawa.

Ukitaka kujua mtu kavaa nini, msogelee, bonyeza kulia kwenye picha yake, chagua Inspect. Wengi wanakosea hapahapa: wanasoma gia zilizoorodheshwa pembeni wakidhani ndizo wanazoziona. Sizo. Bonyeza View in Dressing Room, utaona pamba zenyewe kama zinavyoonekana, na kuna paneli ya kufungua pembeni inayotaja kipande kimoja kimoja kwa jina lake. Mule mule kuna kitufe cha kuituma seti yote kwenye chati au kuinakili kama maandishi. Nakili papo hapo, kwa sababu jamaa akipanda ndege akaondoka ndiyo basi.

Ukishapata jina, nenda tovuti ya Wowhead, fungua ukurasa wa kile kipande, shuka chini mpaka kichupo cha Same Model As. Hapo ndipo ukoo wote umeanikwa: ndugu wa danjeni, ndugu wa kushonwa na fundi, ndugu wa kuuzwa mnadani. Chagua unayemuweza.

Ila kabla hujashangilia, angalia aina ya deraya. Kitambaa, ngozi, mnyororo na bamba haviingiliani. Tangu nyongeza ya The War Within ya 2024 mhusika yeyote anaweza kuikusanya sura ya aina yoyote ikaingia kabatini, lakini kuivaa ni mambo mengine: mage atabaki na kitambaa chake. Hii inakusaidia pia kwenye utambuzi. Ukijua jamaa ni priest, ambaye anavaa kitambaa, umeshafuta robo tatu ya nguo za gemu kabla hujaanza kutafuta.

Na muwe macho na miili. Wahusika wa kabila la Tauren na Draenei wana kwato, buti haliwezi kuonekana lote, unaona sehemu ya muundi tu. Mtu anahangaika kutafuta "buti za wazi vidole" ambazo hazipo duniani. Orc dume anakuzwa mabega mpaka kipande cha kawaida kinaonekana kama mnara. Vikuku vya mkononi mara nyingi vimemezwa na glavu. Na kuna watu wameficha kabisa kofia au mabega, hilo linaruhusiwa, kwa hiyo usitafute kipande cha sehemu ambayo haina kitu.

Final Fantasy XIV

Hawa ndio wenye ugonjwa kabisa. Mfumo wao wa Glamour, ambao ni kama transmogi ya WoW, ulianza Machi 2014 na toleo 2.2, kwa zile prizimu za kutengenezwa na mafundi. Januari 2018 ikaja Glamour Dresser, kabati lililowekwa kwenye vyumba vya nyumba za wageni, na tangu hapo watu wanaingia gemu kubadilisha nguo tu.

Kumtambua mtu huku ni rahisi kuliko kote. Chagua Examine, weka kishale juu ya kipande. Chini ya jina la gia utaona jina la pili, hilo ndilo vazi linaloonekana. Rangi aliyopaka nayo inatajwa. Bonyeza kulia, Try On, umeshajipima. Mtu akiwa ametoka kwenye gemu, mtafute Lodestone, tovuti rasmi ya gemu, kwa jina na seva yake. Wasifu wake unaonyesha mavazi vilevile, ingawa si lazima yawe ya dakika hiyo.

Ukikuta kipande kinaitwa The Emperor's New Gloves, usikitafute kwenye picha. Ni glavu zisizoonekana, mtu kavaa ili mikono yake ibaki wazi. Kuna kofia na buti za jina hilo pia.

Rangi huku ni somo lake. Nguo ileile ikiwa Jet Black na ikiwa Pure White unaweza kuapa ni nguo mbili. Tangu nyongeza ya Dawntrail ya Julai 2024 vipande vingi vinapokea rangi mbili kwa pamoja, moja ya nguo na nyingine ya nakshi, kwa hiyo fumbo limekuwa gumu maradufu kwa anayetambua kwa macho. Rudi kwenye umbo: kola ikoje, mkanda umefungwa upande gani, mkono unaishia wapi. Kwa kutafuta ndugu wa kipande, tovuti ya Garland Tools ina sehemu ya Shared Models. Na kwenye tovuti ya Eorzea Collection watu wanapanga mavazi yao yote na orodha kamili ya vipande, nusu ya maswali yenu yamejibiwa humo.

Guild Wars 2

Hapa ndipo kazi ilipo. Tangu gemu ianze Agosti 2012 tumeizoea bila kitufe cha kumkagua mchezaji mwenzako. Unaona tu, basi. Macho yako na busara yako.

Anza na uzito: nyepesi, ya kati, nzito. Ya kati ni rahisi, karibu zote ni koti refu, utani wa wachezaji wa GW2 kuhusu makoti hayo ni wa siku nyingi. Kisha jiulize kama ni vipande sita vilivyochanganywa au ni vazi zima la mkupuo, zile Outfit zinazofunika mwili wote kwa pamoja. Ukiona kila kitu kimelingana mno, nakshi ya begani ipo mpaka kwenye buti, basi usitafute mabega yake. Hayauzwi peke yake.

Angalia pia kabila. Kuna deraya za kitamaduni ambazo zinavaliwa na kabila moja tu, kwa hiyo Charr akikuonyesha kitu, wewe wa Sylvari huenda huna chako hapo. Charr na Asura nguo zinakaa tofauti kwenye miili yao, kwa hiyo linganisha na picha za kabila hilohilo. Wiki ya gemu ina kurasa za picha za deraya zote kwa uzito, kwa kabila na kwa jinsia.

Halafu mngoje apigane. Deraya ya Envoy iliyokamilika, ile ya hadhi ya juu ya kwenye reidi, inajifungua vipande vikisogea mtu anapochomoa silaha. Akiwa amesimama sokoni unaweza kuidharau. Akichomoa upanga huna swali tena.

Ikishindikana, muulize. Msalimie kwanza, sifia, kisha uliza. Sijaona mtu aliyepangilia pamba zake kwa makini akakataa kutaja. Wengi watakutumia linki ya kila kipande na historia ya namna alivyokipata, mpaka utatafuta sababu ya kuondoka.

Nawasilisha.

#2

Mkuu umeua. Mimi nilikuwa nacheka wanaosema mwisho wa FFXIV ni nguo, sasa hivi nina kabati limejaa na bado sijamaliza hadithi kuu.

#3

Shukrani mkuu kwa nondo. Swali: nina picha nimeitoa Pinterest, ni Miqo'te (lile kabila la masikio na mkia wa paka) wa FFXIV kavaa gauni jeusi la lesi, mkufu wa tabaka tatu, na tattoo inayong'aa pajani. Nimepitia Eorzea Collection yote mpaka macho yanauma. Hakuna. Nifanyeje?

#4 – Mwanzisha uzi

@#3 Mkuu, acha kutafuta. Hiyo ni modi.

Kuna watu wanabadilisha mafaili ya gemu kwenye kompyuta zao, wanajivika nguo ambazo Square Enix hawajawahi kuzitengeneza. Nguo hizo anaziona yeye. Wewe ukisimama mbele yake seva ileile unamwona kavaa kitu kingine kabisa cha kawaida. Sheria za gemu zinakataza programu za nje, kwa hiyo sikuelekezi huko, ila ni lazima mjue zipo ili msipoteze wikiendi.

Dalili zake: kitambaa kina mikunjo na unyuzi kuliko nguo nyingine yoyote ya gemu, imeshika mwili kupita kiasi, na kuna mapambo mahali ambapo gemu haina nafasi ya pambo. Tattoo ya pajani inayong'aa ndiyo iliyomaliza kesi yako. Mkufu una nafasi moja, na paja halina nafasi.

#5

Mimi nina neno tofauti kidogo wakuu. Sipendi kukaguliwa. Mtu anakuja, anasimama mbele yako kama mgambo wa soko, anakukagua, anaondoka bila hata salamu. Kwa nini watu wasiniulize tu?

#6 – Mwanzisha uzi

@#5 Hoja yako ina mizizi mirefu kuliko unavyodhani. Kwenye Final Fantasy XI ukimkagua mtu kwa /check, yeye anapata ujumbe kwenye chati kwamba fulani anakukagua. Hakuna kujificha. Ukifanya hivyo ovyo unaonekana huna adabu.

Upande wa WoW, kukagua kuliharibiwa jina na enzi za GearScore wakati wa Wrath. Ile programu ya nyongeza ilijumlisha gia zako kuwa namba moja, na kiongozi wa reidi akakukagua, akaona namba ndogo, akakutoa kwenye kundi bila kukuuliza unajua kucheza au hujui. Wengi wa rika letu bado wana kidonda hicho. Na ndiyo sababu ukienda kwa wachezaji wa GW2 ukalalamika hakuna kitufe cha kukagua, utakuta kundi kubwa linasema afadhali kisiwepo.

Ila kukagua nguo na kukagua uwezo ni mambo mawili. FFXIV mtu akikukagua mjini Limsa Lominsa, karibu kila mara kapenda kofia yako.

#7

Naongezea Elder Scrolls Online kwa kuwa sijaiona. Nako hatuna cha kumkagua mtu. Huku mitindo inakwenda kwa vitabu vinavyoitwa motif. Kitabu kizima kina sura 14, saba za deraya na saba za silaha na ngao, na ukijifunza sura ya mabega unapata mabega ya mtindo huo tu. Februari 2018 wakaleta meza ya kupanga mavazi, na hapo ushauri wa mkuu wa kuanza na uzito haufanyi kazi, kwa sababu unaweza kuvaa deraya nyepesi ikaonekana nzito. Mimi huwa naangalia nakshi. Mtindo wa Dwemer ni shaba na pembe za mashine, Argonia utaona mifupa na manyoya. Ukishaujua mtindo, vilivyobaki ni kujua ni ule wa uzito upi.

Na kuna kostyumu, kama zile Outfit za GW2. Zinafunika kila kitu isipokuwa kofia.

#8 – Mwanzisha uzi

@#7 Safi sana. Hili la nakshi nalipokea kwa mikono miwili, ni lilelile la umbo kwa njia nyingine.

#9

Wakuu mimi nacheza WoW Classic tu, ile ya kurudia gemu ya zamani, naingia seva za Ulaya kutoka Mombasa, ping (ule ucheleweshaji wa mtandao) yenyewe inanitosha shida. Hayo ya transmogi yananihusu?

#10 – Mwanzisha uzi

@#9 Classic ile ya mwanzo iliyofunguliwa 2019 haina transmogi, kwa hiyo wewe una raha. Ukimkagua mtu, majina unayosoma ndiyo nguo unazoziona. Ndugu wa umbo wapo palepale, ila huku utawatafuta ukiwa na moyo wa kuvaa kitu dhaifu ili upendeze.

Kwa ping yako, jambo moja: mkague mtu akiwa amesimama benki au mnadani. Akiwa juu ya farasi, dirisha litafunguka tupu kabla orodha haijafika, na yeye ameshatoka kwenye umbali unaoruhusiwa.

#11

Mkuu swali la mwisho nisikuchoshe. GW2. Nimekutana na Asura pale Lion's Arch, mwili mzima unawaka kijani kama kameza taa. Nguo zenyewe nimezitambua, ni za kawaida tu, nikazinunua, nikavaa. Siwaki. Nimepaka kila rangi ya kijani niliyonayo. Bado siwaki.

#12 – Mwanzisha uzi

@#11 Hahaha, pole mkuu. Hiyo haiko kwenye nguo wala kwenye rangi. Ni infusheni, kile kijiwe kinachochomekwa ndani ya gia. Kwa kijani cha namna hiyo wa kwanza kushukiwa ni Chak Egg Sac, inadondoka kwa bosi Chak Gerent kwenye ramani ya Tangled Depths, na inadondoka kwa nadra ya kukatisha tamaa. Angalia bei yake sokoni ukiwa umekaa. Kama unataka kuiwinda mwenyewe, yale mapambano ya Gerent yana ratiba yake, njia nne zinapigwa kwa wakati mmoja na zote lazima zifaulu, kwa hiyo ingia ramani mapema uchukue nafasi kwenye njia yenye watu wachache.